Mpaka Apate Kwao: Namna ya Kumlea kwa Muda Mbwa Mzee Aliye Mwoga

Kahawa alifika kwangu Arusha mwezi wa Juni, baridi imeshika, amejikunyata nyuma ya pikapu juu ya gunia. Daktari alimkadiria miaka 9. Mdomo wake ulikuwa umeota mvi, kucha zimekuwa ndefu hadi zimepinda, na aliposhushwa chini akaenda kujibana kwenye kona ya stoo. Akaelekeza uso ukutani, akabaki hivyo mpaka giza likaingia. Siku 4 nzima sikumwona akila. Nilichokuwa nakikuta asubuhi ni bakuli tupu.

Mbwa wa namna hii huteseka sana kwenye kituo cha kuokoa wanyama, hata kituo kiwe kizuri. Wageni wakija kuchagua mbwa, watoto wa mbwa hukimbilia wavu na kuruka ruka. Mzee mwoga yeye hubaki nyuma kabisa ya banda, na wageni wanapita. Ndiyo maana vituo hutafuta walezi wa muda: mbwa anakaa nyumbani kwako, anakula, anatulia, mpaka apatikane mtu wa kumchukua moja kwa moja. Kumbuka neno hilo "kwa muda" tangu siku ya kwanza. Unamwandaa kwa ajili ya mtu ambaye bado hamjamjua, na karibu kila uamuzi utakaoufanya unatokana na hilo.

Hatua ya 1: Uliza kabla hujafungua geti

Mwulize mtu wa kituo, na uombe majibu kwa maandishi: amechanjwa kichaa cha mbwa lini, na cheti kiko wapi? Amefungwa uzazi? Amepimwa magonjwa yanayoletwa na kupe? Alitoka wapi: alifungwa mnyororo, alikuwa akizurura, au mwenyewe alifariki? Anafanyaje akiona mwanamume, mtoto, paka, kuku? Nani analipia daktari, na usiku nikipata shida nampigia nani? Nikishindwa, mtampokea tena?

Swali la fedha wengi hulionea haya. Liulize hivyo hivyo. Mbwa mzee anahitaji daktari kuliko mbwa kijana, na mkiwa hamjaelewana mapema, atakayeumia ni yeye. Jua pia kwamba umri wa mbwa wa kuokotwa hukadiriwa kwa kuangalia meno na macho, kwa hiyo mtu akikwambia miaka 9, jiandae hata kwa 11.

Kisha ongea na watu wa nyumbani na mwenye nyumba, halafu majirani. Kama kwenu au kwa jirani kuna Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa kwao ni najisi inayooshwa mara 7, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Liheshimu bila ubishi: tenga mahali pa mbwa mbali na pa kuswalia, usimpitishe njia ya msikitini watu wakielekea kwenye swala, na vyombo vyake vioshwe kwa bomba lake. Jirani yangu mmoja, mzee wa Kipemba, hakuwahi kumgusa Kahawa, lakini ndiye aliyekuwa akiwakataza watoto kumtupia mawe. Aliwasimulia habari ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu.

Hatua ya 2: Andaa kona na kagua ua

Mchagulie kona yenye ukuta nyuma yake na isiyo njia ya watu: stoo, baraza la nyuma, hata nyuma ya kochi. Weka godoro la zamani lililokunjwa au gunia lililojazwa nyasi kavu. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai viungo vya mbwa mzee hukakamaa kwa baridi. Walio Dar es Salaam, Tanga au Mombasa wana shida tofauti: wao watafute kivuli na upepo, wala wasimweke chini ya bati tupu mchana. Kama sakafu ni ya vigae, tandaza mkeka au zulia kuukuu kutoka kwenye kona yake hadi mlangoni. Mbwa mzee akiteleza mara mbili anaweza kukataa kabisa kutoka, nawe ukadhani ni woga.

Ua usiukague ukiwa umesimama. Piga magoti, utazame kwa urefu wa mbwa. Ua wa michongoma huonekana mzito kwa juu, kumbe chini kuna tundu la kupita mbwa mzima. Siku za mwanzo ndizo za hatari zaidi, kwa sababu bado hajui kwamba hapa ndipo kwake. Kwa wiki za mwanzo usimtoe hata uani bila kamba. Akianza kutembea nje ya geti, tumia kamba mbili, moja kwenye mkanda wa shingoni na nyingine kwenye mkanda wa kifuani, maana mbwa mwoga akishtuka hurudi nyuma na kichwa kikachomoka. Andika namba yako ya simu kwenye mkanda kwa kalamu isiyofutika, usisubiri kununua kibati.

Akitoroka, usimkimbize, na waombe vijana wa mtaani wasimkimbize. Acha geti wazi, weka blanketi lake na chakula chenye harufu karibu na geti, kisha kaa chini upande upande, kimya. Waambie bodaboda wa kijiweni wapige simu tu wakimwona. Mara nyingi mbwa mwoga huwa amejificha karibu kuliko unavyofikiri, na hutoka usiku mtaa ukitulia.

Hatua ya 3: Siku 3 za kumwacha

Watu wa vituo vya mbwa katika nchi nyingi hutumia kipimo cha 3-3-3: siku 3 mshtuko upungue, wiki 3 ajue ratiba ya nyumba, miezi 3 aanze kujisikia yuko kwake. Kimetokana na uzoefu, si kalenda ya kumbana nayo mbwa. Kahawa alichukua karibu mara mbili ya hapo.

Siku 3 hizo mpe chakula saa ile ile, bakuli lile lile, weka uondoke. Usimwogeshe. Najua ananuka, na najua kila mtu nyumbani atataka aogeshwe siku hiyo hiyo, lakini kushikwa kwa nguvu na watu wasiojulikana ndani ya maji ndilo jambo ambalo atakukumbuka nalo. Kupe waliojaa ni kazi ya daktari kabla hajaja kwako. Usiite wageni waje kumwona. Ukitaka kuwa karibu naye, keti mbali kidogo, umpe ubavu badala ya uso, uchambue mchele au usome kitu chako kwa sauti ya chini. Anaizoea sauti yako bila kudaiwa chochote.

Akijisaidia ndani, futa, usiseme neno. Ule utaratibu wa zamani wa kumsugua mbwa pua kwenye mkojo wake haumfundishi chochote zaidi ya kukuogopa. Asipokula siku ya kwanza, subiri. Asipokula siku 2, au asipokunywa maji siku nzima, mpigie daktari wa mifugo.

Hatua ya 4: Jifunze kumsoma

Hapa ndipo nataka ukae sana, kwa sababu ukiweza hatua hii, zilizobaki zitakuwa nyepesi.

Kunguruma na kung'ata huja mwishoni. Kabla ya hapo mbwa anakuwa ameshasema mara nyingi kwa mwili. Hulamba midomo wakati hakuna chakula. Hupiga miayo na hana usingizi. Hugeuza kichwa lakini jicho linabaki kwako, mpaka weupe wa jicho unaonekana. Masikio hulala nyuma, mkia huingia katikati ya miguu, mguu mmoja wa mbele hunyanyuka. Hupumua kwa ulimi nje wakati hakuna joto. Kubwa kuliko zote ni kuganda: mwili wote unakauka, hata pumzi huoni. Wengi hapo husema "ametulia," wakaendelea kumpapasa. Hajatulia hata kidogo. Toa mkono, rudi nyuma hatua 2.

Mkia nao usikudanganye. Mkia unaotikisika chini chini kwa haraka, huku mgongo umepinda, ni wa mbwa anayeomba asiumizwe. Mkia wa raha hutikisika kwa upana na kiuno kikacheza nao.

Chukua daftari uandike: saa ngapi, nini kilitokea, mwili ulifanyaje. Baada ya wiki 2 nilikuta kwenye daftari langu kwamba Kahawa alilamba midomo kila nilipokamata ufagio. Nikahamisha ufagio, nikawa nafagia akiwa uani. Wiki ile ile alianza kula mchana.

Akinguruma, usimpige na usimkemee. Shukuru, halafu umpe nafasi. Mbwa aliyekatazwa kunguruma anabaki na woga wake ule ule, isipokuwa safari ijayo atang'ata bila onyo. Nimeona familia nzuri zikirudisha mbwa kituoni kwa sababu hii tu.

Hatua ya 5: Rusha chakula nyuma yake

Walezi wengi hunyoosha mkono wenye nyama na kumvuta mbwa aje karibu. Mbwa mwoga anakuja kwa sababu ya njaa, anakwapua, anagutuka kujikuta amefika karibu na mtu, na woga unaongezeka. Fanya kinyume chake.

Chemsha ini la kuku au firigisi, katakata vipande vya ukubwa wa punje ya harage. Keti chini, ubavu kwake, kwenye umbali ambao anakutazama bila kuganda. Kwangu ilikuwa mita 4. Rusha kipande kimoja kipite juu ya mgongo wake, kiangukie nyuma yake. Atageuka akifuate, yaani atakuwa anakwenda mbali nawe, na huko ndiko kwenye nafuu. Akishakula atageuka kukutazama tena. Akipiga hata hatua moja kuja kwako kwa hiari yake, rusha kingine nyuma yake. Vipande 10, basi, inuka uende zako. Fanya hivyo mara 2 kwa siku, na umbali mwachie yeye aupunguze.

Siku atakayokunusa mkono, uache mkono hapo hapo. Ikishakuwa kawaida, mguse kifuani au ubavuni, usimguse kichwani kutoka juu, kwa sekunde 3 tu, halafu toa mkono. Akisogea au akikusukuma kwa pua, endelea sekunde nyingine 3. Akibaki kama alivyo au akigeuza kichwa, amekwambia imetosha. Kahawa alininusa kidole wiki ya 5. Nilikaa pale stoo nikilia kimya kimya, kwa hofu ya kumshtua.

Hatua ya 6: Tofautisha woga na maumivu

Mbwa mzee "mkali" au "mwoga" mara nyingi ni mbwa anayeumwa. Jino lililooza, sikio lenye usaha, nyonga inayouma: ukimgusa hapo anaruka, nawe unaandika kwamba hapendi watu. Kwa hiyo akishatulia kidogo, mpeleke kwa daktari au, bora zaidi, mwombe daktari aje nyumbani. Mwambie aangalie meno, masikio, viungo, macho na moyo.

Usimpe dawa za maumivu za binadamu. Diklofenaki, ibuprofeni na panadoli, ambazo ziko karibu kila nyumba, zinaweza kumharibu tumbo, figo au ini hadi afe. Dawa ya josho ya ng'ombe nayo usiipime kwa macho ukampaka mbwa kwa ajili ya kupe. Nunua ya mbwa, kwa uzito wake. Kupe mmoja mmoja mtoe kwa kibano, umvute taratibu moja kwa moja, bila mafuta ya taa wala moto. Watafute ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole na chini ya mkia. Kupe wa kahawia wa mbwa huleta magonjwa ya damu, kwa hiyo zoea kutazama fizi: ziwe za waridi. Zikiwa nyeupe, au pua ikitoka damu, au akikataa chakula na mwili umechemka, nenda kwa daktari siku hiyo. Joto la kawaida la mbwa ni kama nyuzi 38.3 hadi 39.2, juu kuliko letu, basi usipime homa kwa kushika sikio.

Jicho lenye ukungu au sikio lisilosikia havimzuii kuishi vizuri. Asiyeona, usihamishe samani wala bakuli. Asiyesikia, usimguse akiwa amelala. Gonga sakafu kwa mguu ili ahisi mtikisiko. Akizunguka zunguka usiku kama aliyepotea, mwachie taa ndogo, na mweleze daktari.

Chakula: ugali mtupu hujaza tumbo bila kujenga mwili. Changanya ugali au wali kidogo na dagaa waliolowekwa na kuoshwa chumvi na mchanga, au yai la kuchemsha, au nyama, ongeza karoti au boga. Kinachotoka kituoni kibadilishe polepole kwa siku 7. Epuka vitunguu vya aina zote, chokoleti, zabibu, pombe, bigijii zisizo na sukari, na mifupa iliyopikwa, kwa sababu hupasuka vipande vikali. Uzito uuone kwa vidole: mbavu uzihisi kirahisi bila kuziona zimechomoza.

Kichaa cha mbwa hakina mjadala. Chanjo iwe hai na cheti kiwepo. Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya kupambana na ugonjwa huu, na sehemu nyingi huwa na chanjo kipindi hicho. Mtu yeyote aking'atwa, hata na mbwa mnayemjua, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Hatua ya 7: Dunia ya nje ya geti

Toka saa kumi na mbili asubuhi, kabla pikipiki hazijaanza. Dakika 10 zinatosha. Mwache anuse kila nyasi anayoitaka. Kunusa kunamtuliza kuliko mwendo. Akigoma, usimvute, simama naye, mrudi mlipotoka.

Watoto wape sheria moja wanayoweza kuishika: mbwa akija, simama kama mti, mikono kama matawi yaliyoanguka, macho chini. Hakuna kumfuata kwenye kona yake, hata mpira ukiingia huko. Mgeni mtu mzima aketi kwanza, asimtazame machoni, asimwite. Mwambie hivyo kabla hajaingia, maana akishaingia atanyoosha mkono.

Usiku wa mwaka mpya fataki hulia. Mfungie ndani mapema, washa redio, funika dirisha, ulale chumba hicho hicho kama unaweza.

Hatua ya 8: Kumtafutia kwao

Mpige picha asubuhi mwanga ukiwa laini, kamera ikiwa usawa wa macho yake, akiwa amelala mahali anapopapenda. Picha ya mbwa aliyejibana ukutani huleta huruma, na mtu aliyemchukua mbwa kwa huruma pekee huchoka mapema. Andika ukweli wote: "Ana kama miaka 9. Anaogopa ufagio na wanaume wanaoongea kwa sauti kubwa. Huchukua wiki kadhaa kumzoea mtu. Akikuzoea, hulala miguuni pako."

Wengi watapiga simu wakiuliza, "Anabweka? Anaweza kulinda?" Wajibu kwa upole kwamba huyu si wa kulinda, na usilegee, hata miezi ikipita. Mbwa mwoga akifungwa kwenye mnyororo getini atarudi pale ulipomkuta, au atang'ata mtu. Usimtoe pia kama zawadi ya Krismasi. Mimi natafuta mambo matatu: ua usio na tundu, nyumba tulivu, na mtu anayeweza kukaa nusu saa bila kulazimisha chochote. Ukubwa wa bustani siujali.

Mtu akionekana anafaa, aje mara 3 au zaidi. Mara ya kwanza arushe ini nyuma ya mbwa kama ulivyofanya wewe. Mara ya mwisho ampeleke matembezi ya asubuhi, wewe ukiwa nyuma.

Aliyemchukua Kahawa ni mwalimu mstaafu wa kike kutoka upande wa Moshi, baada ya miezi 7. Siku ya kwanza aliketi chini kwenye mkeka na kitenge chake, akaanza kuchambua mchicha aliokuja nao. Hakumwita hata mara moja. Kahawa alikuja mwenyewe kunusa majani.

Siku ya kuondoka mpe mchukuaji blanketi la mbwa bila kulifua, kwa ajili ya harufu, chakula cha wiki nzima, cheti cha chanjo, na karatasi ya mazoea yake: saa za kula, maneno anayoyajua, vitu anavyoogopa, jina la daktari. Mkumbushe kwamba anaanza upya siku zile 3 za kumwacha, asivunjike moyo. Simu yako iwe wazi wiki yote hiyo. Ya kwangu iliita siku ya 3, saa moja asubuhi. "Dada, hajatoka kwenye kona," mwalimu aliniambia, "lakini bakuli nimelikuta tupu."